Mnong'ono wa Wifi Kwenye Spika Kubwa

Ninyi vijana mtakaosoma haya, kwanza toeni hivyo vidude masikioni. Siwezi kuongea na mtu ambaye sikio moja liko kwangu na lingine liko Dar es Salaam. Nataka kuwaeleza habari ya kukata sauti, kuchuja sauti na kubana sauti, mambo mnayoyafanya kwenye kompyuta mkidhani bibi zenu hawayajui. Mimi nayajua. Nimeyajua kwa sababu nusura yaniaibishe ukumbini Karatu, mbele ya wakwe, nikiwa nimevaa kitenge ambacho hakijafuliwa hata mara moja.

Shule nilikaa kidogo. Kuandika nilijifunzia kwenye kisomo cha watu wazima, mtoto mgongoni, na mtoto huyo ndiye mwanangu ninayetaka kumsema sasa hivi. Siku hizi ni dereva wa watalii. Anawashusha kwenye kreta, lile bonde la wanyama, asubuhi, anawapandisha jioni, na kutwa nzima anawaonyesha simba aliyelala. Kazi hiyo imemharibu namna ya kuongea. Akirudi nyumbani kwetu Qurus anasema kama yuko kwenye redio ya gari ya kuitana na madereva wenzake: neno fupi, kimya, anasubiri ujibu.

Nyumbani kwangu kuna chumba kimoja kando ya jiko kilichojengwa kuwa ghala la mahindi. Binti wa mwanangu huyo, mjukuu wangu, alikuja akakiomba. Nikampa. Akatundika magunia matupu ukutani, akabandika trei za mayai juu ya magunia, akaweka meza, kompyuta na spika mbili ndogo, akafunga mlango. Kilichokuwa kinatoka humo ndani ni du, du, du. Kuku wangu wakahama upande ule wa nyumba. Mahindi yakalala nje chini ya turubai, na kila mwanangu akifika nyumbani alikuwa anaanza na turubai.

"Mama. Mahindi yako nje."

"Nayaona."

"Kompyuta iko ndani."

"Naisikia."

Siku moja akasema yote kwa mkupuo, jambo ambalo hana kawaida nalo. Kaka yake huyo binti alikuwa anaoa, na binti ndiye aliyepewa kazi ya kutengeneza wimbo wa kuingilia maharusi ukumbini. Mwanangu akasema, harusi ikipita chumba kinarudi kuwa ghala, na binti anakwenda Arusha chuo cha hoteli kujifunza kutandika vitanda vya wageni.

"Labda," akasema, akanyamaza.

"Labda nini?"

"Labda watu wausikie huo wimbo waseme kuna kitu. Mimi nasikia dundo tu."

Binti alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na sufuria mkononi. Alikwenda chumbani kwake akafunga mlango, na safari hii hata lile du halikutoka. Hapo nikajua kwamba mtoto huyu ana jambo lake moja tu duniani, nalo liko kwenye ghala langu.

Bwana harusi alikuwa anaoa Nainokanoka, juu kule kwa wafugaji. Mababu zetu Wairaqw na mababu zao Wamaasai walitafutana kwa mikuki kwa ajili ya ng'ombe. Siku hizi tunatafutana kwa kadi za michango. Binti akasema wimbo wake utakuwa na pande zote mbili: vijana wa kule wanaovuma kooni wakati wa kurukaruka, na sisi wanawake wa huku tunavyoimba, na chini yake dundo la kompyuta. Vijana walikuwa wamerekodiwa kwa simu siku ya kupeleka mahari. Sisi akaturekodi uani kwangu, siku majirani walipokuja kunisaidia kupukuchua mahindi. Alitundika maiki kwenye kamba ya kuanikia nguo, karibu na mahali tulipokaa mimi na wifi yangu, kwa sababu sisi wakubwa ndio tuliopewa viti.

Huyu wifi yangu ni dada wa marehemu mume wangu. Ndiye anayeongoza nyimbo kila harusi. Ana sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya korongo, na ana mdomo. Tangu nilipoolewa hajawahi kupita siku bila kunikosoa kitu, na mimi sijawahi kumwachia.

Mjukuu alinifundisha kazi yake wakati napepeta. Mwanzoni nilimuuliza kwa kumchokoza tu.

"Hivi humo ndani unafanya nini mchana kutwa? Wimbo si tulishaimba?"

"Mmeimba, Bibi, lakini mmeimba kama gunia la lumbesa."

Nikaacha kupepeta. Lumbesa naijua. Mnunuzi anajaza gunia mpaka mdomoni, halafu anashonea juu yake kilima kingine kama kichwa cha pili, na bei inabaki ya gunia moja.

"Kompyuta ina mdomo wa gunia," akasema. "Sauti ikizidi pale, taa nyekundu inawaka na sauti inapasuka. Kwa hiyo nawakata kichwa kidogo, ninyi na lile dundo. Kile kilima cha juu nakifyeka kwa makusudi. Nikishafyeka, gunia linakaa sawa, naweza kulinyanyua lote juu zaidi."

"Unapunja."

"Ndiyo napunja. Ila nikipunja kidogo, sikio halijui. Nikizidisha, linakwaruza."

Akanieleza na kitu wanachokiita ikyu, ndiyo ya kuchuja sauti. Hicho nilikielewa upesi kuliko yeye alivyotegemea, maana ni palizi. Sisi tunapanda mahindi na mbaazi shamba moja. Usipopunguza majani, kimoja kinafunika kingine. Vijana wa Nainokanoka wanavuma chini kabisa, na dundo nalo linataka kukaa hapo hapo chini. Basi akalichonga dundo mahali wanapokaa vijana, nao wakapata pa kupumulia. Halafu akaniwekea hedifoni akanisikilizisha ule upepo wa Nainokanoka ulioingia kwenye simu, unanguruma kama lori kwenye mteremko. Akagusa kitu, upepo ukaondoka, vijana wakabaki. Niliwahi kulala huko juu mara moja tu, na upepo ule nilirudi nao nyumbani mifupani mwezi mzima. Yeye kauondoa kwa kidole.

"Na hii ya tatu?"

"Kompresa. Hiyo ndiyo kubana. Bibi, wewe si ulichunga mbuzi? Kuna mbuzi anakimbilia mbele kwenye mahindi ya watu, kuna mwingine anachechemea nyuma. Kompresa inamzuia wa mbele. Halafu mimi nalisukuma kundi lote mbele kwa pamoja."

"Na yule wa nyuma?"

"Naye anafika. Unamwona sawa na wengine."

Nilisema vizuri, nikaendelea kupepeta. Mchungaji mwenye akili angeuliza yule wa nyuma ni mbuzi wa nani.

Asubuhi ya harusi mimi na wifi tulitangulia ukumbini mapema. Wengine walidhani tumewahi kwa mapenzi. Tulikwenda kuhesabu masufuria, maana wapishi wa kukodi wanajulikana. Tukakuta wakwe wametutangulia. Huko kwao magari ni ya kubahatisha, kwa hiyo walipopata lori la kuwashusha waliondoka nalo muda huo huo. Mama wa bibi harusi alikuwa amekaa barazani na ndugu zake, shanga shingoni mpaka mabegani, wanakunywa chai. Tukasalimiana vizuri, tukaulizana habari za mvua.

Jambo moja mlijue kuhusu mama huyu. Kabla ya kupata ng'ombe wake mwenyewe aliuza maziwa miaka mingi sokoni Karatu. Kiiraqw anakijua. Ukimwambia maziwa yana maji, alikuwa anakujibu kwa lugha yako mpaka unasahau ulikuja kununua nini.

Ndani ya ukumbi mjukuu wangu alikuwa anajaribu vyombo. Spika za kukodi, ndefu kama milango, mbili huku mbili kule. Akafungulia wimbo.

Nitasema kweli, mimi ambaye si mtu wa kusifia watoto: ulikuwa mzuri. Dundo liliingia tumboni. Vijana wakavuma. Sisi tukaja juu yao kama tuko pale pale jukwaani, kila mmoja anasikika, hata jirani yangu mmoja ambaye kanisani anafungua mdomo tu. Nikaanza kutikisa bega. Halafu dundo likanyamaza, wote tukanyamaza, na katikati ya kimya hicho ikatoka sauti ya wifi yangu, nene, ya karibu, imejaa ukumbi mzima, inasema kwa Kiiraqw:

"Bibi harusi mwenyewe jembe hajawahi kulishika. Atasimama shambani kwa mguu mmoja na fimbo yake, asubiri mahindi yarudi nyumbani yenyewe."

Na nyuma yake, mtu anacheka kwa pua. Mcheko huo ulikuwa wangu.

Kisha ikarudia. Na ikarudia tena, kwa mpigo, dundo likiingia kila baada ya "yenyewe".

Sasa mnielewe, kwetu utani wa harusi upo. Wanawake wa upande wa mume wanaimba matusi ya kuchekesha, wa upande wa mke wanajibu, watu wanacheka, tunakula. Lakini huo unaimbwa usoni kwa mwenyewe, naye amekaa tayari na jibu lake. Maneno haya wifi aliyanong'ona sikioni kwangu uani, kati ya beti mbili, akiamini hakuna anayesikia. Yalikuwa umbeya. Umbeya umewekewa dundo.

Nilivuka ukumbi mbio kuliko umri wangu unavyoruhusu.

"Zima."

"Bibi, si ndiyo sehemu tamu?"

"Zima nakwambia. Unajua inasema nini?"

Mtoto huyu amekulia Arusha na Karatu mjini. Kiiraqw chake ni cha kusalimia na kuomba chakula.

"Si baraka?" akasema. "Ilikuwa chini sana, hata haikusikika. Nilivyobana kompresa ikapanda yenyewe. Nikasema wazee wanaombea maharusi, acha niirudierudie."

Nikamtafsiria. Akakaa chini juu ya boksi la waya.

Wifi yangu akafika, kanga imemteleza. "Siyo mimi," akasema. "Mimi siongei hivyo."

Binti aligusa kitufe kwa haraka akitaka kuzima, akawasha. Spika ikasema tena jembe, mguu mmoja, yenyewe. Wifi akaziangalia spika zote nne, moja moja.

"Labda imefanana," akasema.

"Wifi, imefanana mpaka kikohozi."

"Na anayecheka ni nani? Mbona humtaji anayecheka?"

Nikaona tusifike huko. Nikamwambia mjukuu aitoe sauti hiyo wimboni, yaishe.

"Haitoki, Bibi. Maiki ilikuwa moja. Wimbo wote nimeujenga juu yake, nimeirudiarudia hata chini ya sauti zenu. Nikiing'oa linabaki dundo tupu, na baba atasema si nilikwambia." Macho yake yalikuwa kwenye lango la ukumbi, ambako baba yake alikuwa anaelekeza magari yaegeshwe kama yuko hifadhini. "Nikilegeza kompresa, ninyi wote mnazama. Hamtasikika kabisa."

Wifi yangu, ambaye sasa alikuwa na hamu kubwa ya kusaidia, akasema, "Si uongeze mpaka ipasuke? Redio ikipasuka nani anaelewa?"

Binti akajaribu. Akaisukuma sauti ile ikagonga mdomo wa gunia, akafyeka kichwa, akasukuma tena, akafyeka tena, taa nyekundu inawaka. Ikatoka imekwaruza kama mchanga kwenye sufuria. Lakini maneno, wapendwa, maneno yalikuwa wazi kuliko mwanzo. Ungedhani ni lile gari la kipaza sauti linalotangaza chanjo ya ng'ombe. Mpishi mmoja, Mwiraqw mwenzetu, alichungulia kutoka jikoni na mwiko, akatutazama sisi wawili, akarudi ndani akicheka.

Nikatupa jicho barazani. Mama wa bibi harusi alikuwa ametugeuzia mgongo. Kikombe chake kilikuwa kimesimama hewani, nusu ya njia kwenda mdomoni. Kisha akanywa.

"Maneno yanakaa juu," binti akawa anajisemea. "S, t, k, vyote viko juu. Chini kuna mvumo tu." Akanigeukia. "Bibi, nikikata juu kote?"

"Inabaki nini?"

"Anabaki wifi yako bila meno."

"Kata," nikasema. "Ningeyakata mimi zamani."

Akakata. Ikyu ile ile iliyoondoa upepo chini, sasa akaigeuzia juu. Akaivuta pole pole, na mimi nikasikia wifi yangu akiondoka: kwanza zikapotea ncha za maneno, halafu maneno, halafu lugha yenyewe, mpaka ukabaki mvumo wa mtu anayeongea ndani ya pipa la maji. Ungeweza kusema ni Kiiraqw, ungeweza kusema ni Kimaasai, ungeweza kusema ni fahali anayeota. Mcheko wangu ukawa pumzi. Na ulipokaa karibu na vijana wa Nainokanoka, ulifanana nao kama ndugu wa tumbo moja.

"Umeniua," wifi akasema kwa huzuni. Nadhani alikuwa ameshaanza kuipenda sauti yake kwenye spika kubwa.

Watu wakajaa. Mshereheshaji akaita, maharusi wakasimama mlangoni, na binti akafungulia. Sikumtazama bwana harusi, Mungu anisamehe, nilimtazama mwanangu. Alikuwa amesimama karibu na nguzo, mikono nyuma. Dundo likaingia, tukaingia sisi, vigelegele vikapigwa na wanawake wetu waliosikia sauti zao wenyewe. Halafu kikafika kile kimya, na ule mvumo. Wifi akanishika paja. Vijana wa upande wa wakwe, waliokuwa wamekaa wakiangalia sahani, waliinua vichwa. Mmoja akasimama, akajibu kwa koo. Wa pili akasimama. Mara wote wako katikati wanaruka, shuka zinapepea, na kila mvumo ukirudia wanaurukia, wanauitikia, wanauheshimu kama vile ni mzee wao mkubwa anawaongoza. Wifi yangu aliwaongoza vijana wale na hawajui mpaka leo.

Mwanangu akasogea kwangu. "Mama."

"Ndiyo."

"Kuna kitu." Kimya. "Lakini mahindi bado yako nje."

Kabla sijajibu, mama wa bibi harusi alikuwa amefika mezani kwetu. Akavuta kiti akakaa kati yangu na wifi, akaweka fimbo yake magotini, akatazama mbele kama anayefurahia ngoma. Akasema kwa Kiiraqw kilichonyooka, taratibu, na konsonanti zake zote:

"Mahindi yenu msiyahofie. Nimemfundisha binti yangu kupiga mluzi. Yatarudi."

Wifi yangu aliivuta kanga mpaka kidevuni. Alitafuta soda yake.

"Ulisikia asubuhi," nikasema.

"Nilisikia. Lori zima lilisikia. Ila wenzangu hawakuelewa. Nikangoja nione mtafanya nini." Akamgeukia wifi. "Sauti yako inafaa kuita ng'ombe. Nina dume mmoja mkaidi, nitakuletea." Halafu akaniuliza, "Nani aliyeibana namna ile, ikafika mpaka barazani?"

Nikamwonyesha mjukuu wangu, aliyejikunyata nyuma ya kompyuta kama mtu anayesubiri sindano.

"Na wa kuifuta?"

"Yeye yeye."

Akafikiri. Kisha akamwita mwanangu, na sasa akasema Kiswahili, kwa sauti ya kusikiwa na meza zote za karibu. "Mkwe, nimesikia mna chumba cha sauti. Ninyi mmesema ya kwenu. Na mimi nina ya kujibu, na ndugu zangu wana ya kujibu. Tutashuka baada ya mavuno tuimbe humo, tena yasikatwe juu. Kitakuwepo?"

Mwanangu alinitazama. Alitazama turubai ya mahindi iliyokuwa kichwani mwake. Lakini mkwe ameomba mbele ya watu, siku ya harusi, na kwetu hakuna mtu aliyezaliwa ambaye angejibu hapana.

"Kitakuwepo," akasema. Kimya. "Karibuni."

Mjukuu wangu aliinamia kompyuta yake kama anatafuta kitu. Hakuwa anatafuta kitu. Arusha ilikuwa imeshaahirishwa na vitanda vya wageni vitatandikwa na wengine.

Kesho yake niliwaita wote uani, mwanangu, mjukuu, na wifi aliyekuwa amekuja kukosoa wali wa harusi. Sikuwakalisha. Nikasema: "Viti vya sebuleni vitoke, mahindi yaingie humo leo hii kabla ya mvua. Kile chumba asiingize mtu hata debe. Binti, wewe kila jioni utakuja jikoni nikufundishe Kiiraqw, mpaka ujue baraka na tusi. Na siku wakwe wakishuka kuimba, wifi atakaa huku kwangu kwenye moshi, mbali na ile maiki, na mtu ahakikishe ana muhindi wa kuchoma mdomoni tangu mwanzo mpaka kompyuta izimwe."